Dola ya Qin iliuawa na sheria zake, au na barua ya kughushi?

Mleta mada

Wakuu, kila anayesimulia kuanguka kwa dola ya Qin ya China ya kale anarudia wimbo uleule: sheria zilikuwa kali mno, watu wakachoka, wakaasi. Mimi sikubali.

Kwa ambao hawajaifuatilia: mwaka 221 KK mfalme wa Qin, Ying Zheng, alimaliza kuzimeza falme sita jirani akajiita Shi Huangdi, mfalme mkuu wa kwanza. Akaigawa nchi katika majimbo 36 chini ya maofisa wa kuteuliwa. Akasawazisha mizani, vipimo, maandishi, hata upana wa magari ya kukokotwa. Alitarajia ukoo wake utawale vizazi elfu kumi. Ulitawala miaka 15.

Kisa kinachotumika kama ushahidi ni hiki. Mwaka 209 KK watu 900 waliokuwa wakipelekwa kulinda mpaka wa kaskazini walikwama kwa mvua mahali paitwapo Dazexiang. Viongozi wao, Chen Sheng na Wu Guang, wakapiga hesabu: tukichelewa tunauawa, tukiasi tunauawa, basi heri tufe tukiwania nchi. Ndivyo alivyoandika mwanahistoria Sima Qian, kama miaka 100 baadaye, akiwa mtumishi wa dola iliyoirithi Qin.

Lakini mwaka 1975, huko Shuihudi mkoani Hubei, lilifukuliwa kaburi la ofisa mmoja mdogo wa Qin. Ndani mlikuwa na vipande vya mianzi zaidi ya 1,100, vingi vikiwa vimeandikwa sheria. Someni sheria ya shokoa, yaani kazi za lazima: watu wakichelewa siku 3 hadi 5, karipio. Siku 6 hadi 10, faini ya ngao moja. Zaidi ya hapo, faini ya deraya (vazi la vita) moja. Na mvua ikizuia, kazi inafutwa. Kifo kiko wapi?

Kwangu mimi Qin ilifia Shaqiu, mwaka 210 KK. Shi Huangdi alifariki huko akiwa safarini. Mwanawe mkubwa, Fusu, alikuwa kaskazini pamoja na jenerali Meng Tian na askari 300,000. Zhao Gao, mtunza mihuri, akamvuta waziri mkuu Li Si upande wake, wakaghushi amri: Fusu ajiue, na mdogo wake Huhai arithi. Maiti ikarudishwa mji mkuu, Xianyang, kimyakimya kana kwamba mfalme yu hai. Ilikuwa majira ya joto, ikabidi wapakie ng'onda kwenye magari ili harufu ya samaki ifunike harufu ya mfalme. Fusu alipoipata barua alijiua. Yaliyofuata ni mazishi tu.

Mchangiaji wa 2

Kwa hiyo mkuu, Fusu ndiye angeiokoa nchi? Huyu ambaye jenerali mwenye jeshi zima alimwambia "subiri, tuhakikishe kwanza," naye akajibu kwamba baba akimwamuru mwana afe hakuna la kuuliza? Hahaha. Angetawala wiki ngapi?

Mchangiaji wa 3

Mleta mada umechimba vizuri, ila umeshika mwanzi mmoja ukauacha msitu. Sheria uliyoinukuu ni ya shokoa, kazi za ujenzi na kubeba. Wale 900 walikuwa wanakwenda ulinzi wa mpaka, mambo ya jeshi, na hatuna sababu ya kuamini adhabu zilikuwa sawa. Tena ofisa yule alizikwa karibu mwaka 217 KK, kwa hiyo sheria nyingi alizozikwa nazo ni za Qin ikiwa bado ufalme mmoja kati ya saba. Sima Qian anasema wazi kwamba Huhai alizikaza zaidi.

Halafu unahesabu adhabu, huhesabu watu. Zaidi ya 700,000 walipelekwa kujenga kaburi la Shi Huangdi huko Lishan na kasri la Epang. Ongeza hao 300,000 wa Meng Tian. Kila mmoja ameacha shamba. Mtazameni Liu Bang, mwanzilishi wa dola ya Han: alikuwa mkuu wa kituo kidogo, mtumishi wa Qin kabisa. Alitumwa kuwasindikiza wafungwa Lishan, wakawa wanatoroka njiani mmoja mmoja. Akaona hadi afike hatabaki na hata mmoja. Akawafungua wote waliobaki, na yeye mwenyewe akatoroka. Huyo hakutengenezwa na barua ya Shaqiu.

Mchangiaji wa 4

Mnaisahau Chu, mojawapo ya zile falme sita zilizomezwa. Mfalme wao Huai alialikwa Qin mwaka 299 KK kwa mazungumzo, akakamatwa, akafia hukohuko. Watu wa Chu walikuwa na msemo kwamba hata zikibaki nyumba tatu, atakayeiangamiza Qin ni Chu. Chen Sheng, jenerali wa waasi Xiang Yu, Liu Bang: wote wametoka nchi iliyokuwa ya Chu. Ni kisasi tu.

Mleta mada

Mchangiaji wa 3, hoja ya shokoa na jeshi nimeipokea, nilienda haraka. Ila nijibuni hili. Waasi walipoingia Xianyang wengine walikimbilia dhahabu na hariri, Xiao He, msaidizi wa Liu Bang, akakimbilia nyaraka: sheria, ramani, orodha za watu. Liu Bang aliwaahidi wenyeji vipengele vitatu tu vya sheria, lakini haikuchukua muda Xiao He akaunda sheria za Han kwa kuchagua zile za Qin. Mianzi ya Zhangjiashan, yenye sheria za Han za mwaka 186 KK, inaonyesha undugu huo waziwazi. Na Han ilidumu miaka 400, ukiacha kile kipindi Wang Mang alipokinyakua kiti. Sumu ileile, mmoja anakufa, mwingine ananenepa?

Tena jeshi la Qin halikuwa hoi. Jenerali wake Zhang Han aliwapa silaha wafungwa wa Lishan akalisambaratisha jeshi la Chen Sheng. Baada ya kushindwa na Xiang Yu huko Julu alimtuma msaidizi wake Xianyang kutoa taarifa. Akasubirishwa langoni siku tatu, Zhao Gao hakumpokea. Akarudi na ujumbe: tukishinda atatuonea wivu, tukishindwa atatuua. Zhang Han akajisalimisha. Kufikia hapo Li Si alikwishauawa kwa kukatwa kiuno sokoni, na muda mfupi baadaye maofisa wa ikulu wakalazimishwa kumwita kulungu farasi kwa sababu Zhao Gao amesema ni farasi.

Mchangiaji wa 3

Mgala muue na haki yake mpe, Han kweli ilirithi sheria zile. Ila iliondoa zingine, na haikuwakusanya watu 700,000 kwa mkupuo.

Na huyo Zhao Gao wako, unajua kazi yake ya awali? Ndiye aliyekuwa mwalimu wa Huhai, akimfundisha sheria. Li Si naye ndiye aliyependekeza vitabu vichomwe, mwaka 213 KK. Unaitenga barua na dola iliyoiandika. Barua ya kughushi ilifanya kazi kwa kuwa muhuri ulitosha, na kuuliza kulikuwa hatari. Fusu aliwahi kuuliza mara moja: alimsihi baba yake asiwaadhibu wasomi. Ndiyo maana alipelekwa kaskazini, na ndiko barua ilikomkuta.