Naomba ushauri: nipande daraja la Bwami wakati mke wangu hataki?

Wazee wangu, ndugu na dada zangu, salamu kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Mimi ni Mlega wa Mwenga na nimo katika Bwami, chama chetu cha jadi cha Walega chenye madaraja, tangu ujana wangu. Sasa niko daraja la ngandu, na baba zangu wadogo kule kijijini wananitaka nipande hadi yananio, daraja linalofuata. Marehemu baba aliniachia lukwakongo yake, kile kinyago kidogo cha mti chenye uso uliopakwa udongo mweupe na ndevu za nyuzi, nami ninakitunza ndani ya kitambaa, katika sanduku chini ya kitanda.

Mbuzi na michango mingine si shida kubwa, kwa kuwa ukoo umekubali kusaidia. Shida ni kwamba katika Bwami mwanaume hapandi madaraja ya juu peke yake, bali mke wake naye huingizwa, na mama watoto amekataa kwa sababu kanisani kwake wamemwambia kwamba huo ni uchawi. Hilo linaniuma sana, kwani Bwami niliyofundishwa ni methali, ngoma na mwenendo mwema. Hata Wabelgiji walipoipiga marufuku mwaka 1948, wazee wetu hawakuiacha.

Sitaki kumlazimisha, na heshima yangu kwake haijapungua. Wenye uzoefu, hasa akina mama mlioingizwa pamoja na waume zenu, naombeni mnieleze: nizungumze naye vipi, na wazee niwajibu nini?