Mwisho wa wiki Moshi: kupanda mlima au kupika mbege nyumbani?

Mgeni_Pasua
Wadau, habari zenu. Nimehamia Moshi mjini kikazi, Jumatatu hadi Ijumaa ni ofisi tu. Jumamosi na Jumapili nataka kitu cha kujifunza kwa mikono na miguu yangu. Nimebakiza viwili: kupanda milima, au kupika mbege, ile pombe ya Wachaga ya ndizi na ulezi, hapa nyumbani. Mwenye uzoefu anilinganishie gharama, muda, na wapi pa kuanzia.

Fimbo_ya_Momella
Mlima, mkuu. Ila tuelewane: Kilimanjaro yenyewe siyo ya wikiendi, njia ya Marangu inataka siku 5 kwa uchache. Jumamosi moja inakutosha kutoka geti la Marangu hadi Mandara, kituo cha kwanza cha kulala wapandaji, na kurudi. Pale ni mita 2,720, njia yote ni msitu, na ukifika ongeza kama robo saa uone kreta ya Maundi. Jioni uko kwako Pasua.
Mlima Meru, ule wa Arusha, ni mita 4,566 na inakula siku 3 au 4, tena unatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Isubirie Sabasaba au Nanenane ikidondokea Ijumaa au Jumatatu. Pasaka usithubutu, masika huwa yameshika.
Gharama ya kuanzia ni kiatu. Nenda soko la mitumba la Memorial hapo Moshi na soksi nene mfukoni, uzivae palepale, kisha sukuma mguu mbele. Vidole vikigusa ncha, kiache hata kama ni kizuri namna gani. Na kucha zikate siku mbili kabla. Mimi kupanda hakukunisumbua, kushuka ndiko kulikoning'oa kucha mbili.

Mama_wa_Uru
Mwanangu, karibu Moshi. Wengi watakulinganishia kwa pesa, mimi nakulinganishia kwa siku. Mlima unakuchukua Jumamosi, ukirudi umekwisha. Mbege inakudai katikati ya wiki.
Hesabu hivi. Jumamosi unamenya ndizi zilizoiva hasa, ganda limeshaanza kuwa jeusi, unazichemsha mpaka maji yanakuwa mekundu, unaziacha kwenye pipa zichachuke. Siku hiyohiyo unaloweka ulezi. Jumapili unauchuja na kuufunika kwenye gunia. Hadi Jumatano unaunyunyizia maji asubuhi na jioni, na unaingiza mkono katikati: ukiukuta una joto la kupita kiasi, utandaze, la sivyo utaota ukungu. Alhamisi na Ijumaa unauanika, kisha unausaga. Jumamosi ya pili unapika uji wake na kuutia msesewe, unauacha upoe kabisa, ndipo unachanganya na maji ya ndizi uliyoyachuja. Jumapili inanyweka.
Msesewe ni gome la mti, ndio unaoleta ule uchungu. Tia kidogo. Ukizidisha hakuna cha kuurudisha nyuma.

Mgeni_Pasua
Shikamoo mama, asante sana. Ikishakuwa tayari inakaa muda gani?

Mama_wa_Uru
Marahaba. Siku moja, mbili, baada ya hapo inakuwa chachu. Haihifadhiki, ndiyo maana haipikwi kwa mtu mmoja. Kabla ya kuwasha kuni uwe unajua ni nani atakaa na wewe Jumapili. Mimi nilijifunza kwa mama mkwe, na siku aliyokubali mbege yangu ndiyo siku aliyoigawa kwa kata yake mwenyewe ya kuchotea, akianza na wazee. Sijaisahau.

Ngarenaro_77
Niongeze la hali ya hewa. Moshi mjini ni chini, kama mita 800, joto lake linachachusha haraka. Huku Arusha tuko karibu mita 1,400, na mwezi Julai ndizi zangu zilikaa siku mbili zaidi kuliko za ndugu yangu wa Majengo, hapo Moshi. Kwa hiyo usifuate siku peke yake. Sikiliza pipa: likinyamaza, povu likashuka, limefika. Na usilifunge kwa nguvu, hewa inahitaji pa kutokea.
Pipa lenyewe liwe la chakula. Mtu wa karibu yangu alitumia lililowahi kubeba dawa ya shamba. Tulimwaga yote, na tunashukuru tuliwahi kusikia harufu.

Kiboriloni_Kwetu
La sheria pia. Kupika ya kunywa na majirani ni jambo moja, kuuza kunataka leseni. Na mtu akikushawishi uikeneke iwe gongo, kataa. Ni haramu kisheria, na imepofusha na kuua watu.

Fimbo_ya_Momella
Hapo nakubaliana na mama kuhusu siku. Kwangu ndilo lililoamua: nasafiri kikazi katikati ya wiki, ulezi ungekufa. Mkuu, wewe unayelala kwako kila siku unaweza kuanza na mbege, halafu mwezi unaofuata tupande Mandara. Ila usiku wa kuamkia mlima kunywa maji tu.

Mgeni_Pasua
Nimeamua, naanza na mbege. Majirani watatu wameshakubali Jumapili ya wiki ijayo. Kesho asubuhi nipo soko la Mbuyuni kununua ulezi. Niangalie nini?

Mama_wa_Uru
Ununue wa punje, usiosagwa, wa mavuno ya karibuni. Wa zamani hauoti. Chukua kiganja kimoja kwanza, loweka usiku wa leo kwenye kikombe. Ukiona vijimizizi vyeupe keshokutwa, rudi kwa muuzaji huyohuyo uchukue debe.

Mgeni_Pasua
Basi naenda leo jioni kabla hawajafunga.