Tupeane uzoefu: mazoezi ya Aprili ya futiboli ya vyuo Marekani, wewe yalikunasa vipi?

Mzee wa Ghala (Columbus, Ohio)

Wakuu, salaam. Septemba msimu ukianza kila mtu humu ni mchambuzi. Leo nataka tuongelee Aprili, wakati hakuna pointi, hakuna kombe, na kocha anakwambia kila kijana "anaendelea vizuri sana".

Kwa wageni, kifupi tu. Futiboli hii si soka, ni ule mpira wa Kimarekani wa kofia ngumu. Chuo cha daraja la juu kinaruhusiwa vipindi 15 vya mazoezi ndani ya siku 34, na si vyote vya kugongana. Mwishoni vyuo vingi hufungua uwanja, timu inajigawa mara mbili, vijana wanakabana wenyewe kwa wenyewe. Kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, anavaa jezi ya rangi tofauti na wenzake, maana yake usimguse. Ukimfikia, refa anapuliza filimbi, amehesabika ameanguka ingawa bado amesimama anakutazama. Mara ya kwanza nilicheka. Nilidhani ni mtoto wa mwenye timu.

Yangu ni ya 2016. Nilikuwa zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo, na mzee mmoja wa pale kazini akaniambia Jumamosi ana tiketi ya ziada ya mechi ya mazoezi ya Ohio State, chuo cha hapa Columbus. Miaka miwili nilikuwa nimejaribu kuuangalia huu mchezo kwenye runinga nikashindwa. Sekunde tano wanacheza, nusu dakika wanajadiliana, halafu tangazo la gari. Nikaenda kwa heshima ya mzee tu. Tukakuta watu 100,189. Kwa mazoezi! Hakuna mechi ya Aprili iliyowahi kujaza hivyo.

Tumekaa juu kabisa, mzee akaninong'oneza: "Acha kuutazama mpira. Chagua mmoja kati ya wale wanene wa mstari wa mbele, mtazame huyo huyo dakika kumi." Nikamchagua mmoja upande wa kushoto. Mara ya kwanza akasukumwa nyuma kama kabati. Mara ya pili vilevile. Kocha akamfuata pale pale, akamshika kiuno, akamshusha chini, akamsogezea mguu wa nyuma kidogo tu, kama hatua nusu. Mara ya tatu yule aliyekuwa anamsukuma akaenda chini yeye. Siku hiyo ndipo nilipouelewa mchezo. Kwenye mechi ya Novemba huwezi kuona kitu hicho, kocha hana muda wa kumshika mtu kiuno.

Kuna na mstari mweusi. Pale Ohio State mchezaji mpya anabandikwa utepe mweusi juu ya kofia yake ngumu, na hautoki mpaka makocha waone amestahili. Siku unapobanduliwa, wenzake wanapiga kelele na yeye anatoa hotuba. Mie mtoto wa Masasi niliutazama nikasema hawa wako kumbini, wanangoja kutolewa.

Haya, wengine leteni zenu.

Jembe la Mwanza

Mkuu, samahani. Yaani watu laki moja wanapanga foleni kuangalia timu inajifunga yenyewe? 😂

Mzee wa Ghala

Wewe si ndiye uliyepanda basi usiku kucha kwenda Wiki ya Mwananchi ya Yanga kuona wachezaji wakitambulishwa na jezi? Kaa kimya.

Jembe la Mwanza

Nimekaa.

Chepkemboi wa Iten (zamani Tuscaloosa, Alabama)

Mzee wa Ghala umenikumbusha mbali. Mimi nilienda Alabama kwa skolashipu ya riadha. Watu wengi hawajui, wanadhani Alabama ni futiboli pekee, lakini wakimbiaji kutoka Rift Valley tumekuwa wengi pale. Mercy Chelangat alishinda taji la mbio za nyika la vyuo vyote akiwa na jezi hiyo, na siku hiyo kwa mji ilikuwa Jumatatu kama Jumatatu zingine. Sisemi kwa uchungu. Naam, nasema kwa uchungu kidogo.

Mchezo wao wa Aprili wanauita A-Day. Wazee wa mji bado walikuwa wakisimulia ile ya 2007, kocha Nick Saban alipokuwa amefika tu, hajaongoza hata mechi moja: watu 92,138 waliingia, bure. Timu ilikuwa imetoka msimu mbaya, wakaja tu kumwona mtu mfupi aliyevaa kofia ya majani akifoka kando ya uwanja. Kila A-Day pia manahodha wa msimu uliopita wanaweka alama za mikono na viatu vyao kwenye saruji mbichi chini ya mnara wa Denny Chimes. Nilipita pale kila asubuhi nikienda darasani. Kiganja changu ndani ya kiganja cha nahodha mmoja kilikuwa kama kijiko ndani ya sufuria.

Lakini kilichonivunja mbavu ni zawadi. Timu imegawanywa mara mbili, sivyo? Enzi zangu upande ulioshinda ulilishwa steki. Upande ulioshindwa ulilishwa maharagwe na soseji. Hiyo ndiyo aibu yao! Rafiki yangu mmoja wa ile timu, jitu la kilo mia na thelathini na kitu, alinieleza kwa uso wa msiba: "Nimekula maharagwe mbele ya wote." Nikamwambia ndugu yangu, mimi nimekula maharagwe kutoka darasa la kwanza mpaka kidato cha nne na ndiyo yaliyonileta hapa kwa ndege. Aliniangalia muda mrefu. Jumapili iliyofuata nikampikia githeri. Akala sahani tatu na akauliza kama walioshindwa wanaruhusiwa kula ya nne.

Mama Sharo (Lincoln, Nebraska)

Yangu si ya uwanjani, mtanisamehe. Ni mhudumu wa nyumba ya wazee. Ukifanya kazi hiyo Nebraska utajifunza habari za Huskers, timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska, upende usipende, kwa sababu uwanja wao umejaa kila mechi ya nyumbani tangu 1962 na hao wazee ndio walioujaza. Kulikuwa na babu mmoja chumba cha mwisho, mkulima mstaafu wa mahindi, mkali. Haogi mpaka umwambie habari za timu. Basi kila asubuhi nasoma magazeti kabla ya sabuni.

Aprili 2013 jioni tukaona kwenye taarifa ya habari. Mechi ya mazoezi, robo ya mwisho, watu zaidi ya 60,000. Wakamwingiza mtoto wa miaka 7, Jack Hoffman, mgonjwa wa saratani ya ubongo. Jezi namba 22, kofia inambabaisha. Kwotabeki akampa mpira, akaanza kukimbia upande usio sahihi, wakamgeuza, akakimbia yadi 69 mpaka mwisho. Wachezaji wote, pande zote mbili, wakamfuata wakamnyanyua.

Babu hakusema neno. Baadaye akaniambia nimletee maji ya kuoga. Mwenyewe!

Jack alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 19. Na msimu huohuo wa Aprili Nebraska hawakucheza mechi yao ya kawaida. Kocha Matt Rhule alisema hataki kuwaonyesha wachezaji wake hadharani wakati vyuo vingine vinawanyatia. Wakafanya siku ya michezo-michezo tu. Babu hakuwepo kuyaona hayo, na nashukuru, maana nani angemwogesha siku hiyo.

Kaka Theluji (Aurora, Colorado)

Fupi. Boulder, Chuo Kikuu cha Colorado, Aprili 2023, ujio wa kocha Deion Sanders. Chuo kilikuwa kimetoka kushinda mechi 1 kati ya 12. Tiketi zikaisha zote, tukawa 47,277, na theluji inatupiga usoni. Nilikuwa na glavu moja, nyingine nimempa mwanangu. Tukarudi nyumbani tunasema huu mwaka ni wetu. Siku chache baadaye wachezaji kibao tuliowashangilia wakahama. Msimu ulipokwisha tulikuwa tumeshinda 4 na kupoteza 8. Tangu hapo nina sheria: mchezaji anayeng'ara Aprili simjui mpaka Oktoba.

Mzee wa Ghala

Hapo kaka umegusa. Aprili, akifunga kijana wako, aliyefungwa pia ni kijana wako. Hujui ufurahie nani. Na ndiyo maana napenda kuwaangalia akina namba tatu na nne kwenye orodha, wale ambao hiyo siku ndiyo mechi yao. Mwaka mzima wanabaki pembeni wamevaa safi, jezi haina hata jani.

Nyota ya Uvira

Wapendwa, nimesoma kimyakimya tangu jana, hili la jezi safi limenitoa machozi. Mimi ni mama wa mmoja wa hao.

Tulitoka Uvira, Kongo, tukakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi, ndiyo maana Kiswahili changu ni cha kambini. Mwanangu alikuja Marekani ana miaka tisa anajua mpira wa miguu tu, ule wa mifuko ya plastiki. Sekondari wakamwona ana mabega, wakampa kofia ngumu. Chuo akaingia kwa kujipeleka mwenyewe, bila skolashipu, wanawaita woki-oni. Ada tunalipa sisi, mazoezi ni yaleyale, saa kumi na moja alfajiri ni ileile.

Miaka miwili hakucheza hata dakika. Basi akanialika mechi ya Aprili: "Mama, hii nitacheza." Nikapika, nikawafungia wadogo zake chakula, tukaendesha gari kwa muda wa saa tatu. Langoni wakanikatalia mkoba wangu, lazima uwe wa plastiki unaoonyesha ndani. Nikaingia na ufunguo mkononi kama mlinzi.

Ameniambia namba yake ni 44. Naangalia, naona 44 wawili! Mmoja upande huu, mmoja upande ule. Kumbe orodha ni ndefu mno, wale wa chini kwenye orodha wanagawana namba. Kitangazio kinasema "arobaini na nne" na watu wanashangilia, mimi sijui kama nisimame. Binti yangu anauliza, "Mama, yupi?" Kofia zinafanana, mabega yote ni ya sponji. Nikaacha kutazama namba, nikatazama miguu. Mwanangu tangu Nyarugusu anakimbia akivuta kidogo mguu wa kulia, alianguka kisimani akiwa mdogo. Nikamwona. Yule! Akamkaba mtu mmoja robo ya mwisho. Mmoja tu. Nilipiga vigelegele mpaka wazungu wa mbele wakageuka, na bibi mmoja akaniuliza namna ya kuvipiga.

Hiyo ilikuwa 2024. Mwaka uliofuata ikaja ile sheria ya wachezaji 105, timu isizidi hapo. Wao walikuwa zaidi. Mazoezi ya Aprili yalipoisha wakaitwa mmoja mmoja ofisini. Yake haikufika dakika tano, alisema. Kocha alikuwa mpole, na hilo ndilo lililomuuma.

Chepkemboi wa Iten

Pole sana mama. Hao 105 watu wanawaongelea kama hesabu tu.

Mama Sharo

Dada yangu, pole. Na hayo mabadiliko hayajaisha. Dirisha la kuhama la Aprili nalo limefutwa, limebaki moja la Januari. Labda vyuo vitaacha kuogopa, warudishe mechi.

Mzee wa Ghala

Nami nangoja hilo. Uwanja wa Lincoln kukosa mechi Aprili si sawa. Mama Uvira, kijana yuko wapi sasa? Kama hutaki kusema, usiseme.

Nyota ya Uvira

Nasema, baba. Ameenda chuo kidogo, mbali zaidi, saa sita kwa gari. Hakuna uwanja wa laki moja, kuna benchi za bati na nyuma yake ni shamba la mtu. Chuo kinamlipia nusu ya ada. Jana amenipigia, wamemaliza kipindi cha kumi na moja, vimebaki vinne. Wamempa 52. Nikamuuliza, na mwenzako wa 52 ni nani? Akacheka. Akasema, "Mama, hayupo."