Tupeane uzoefu: Kusafiri kwa basi na kazi za mikono kwenda maonyesho ya komiki Nairobi

Mfumaji wa Ngaramtoni
Habari zenu wakuu. Jana nimepita stendi hapa Arusha nikamkuta binti kakumbatia boksi limeandikwa kwa makapeni USIKALIE, anasubiri Noah ya Namanga. Nimemuuliza, kumbe anapeleka kroshia zake kwenye maonyesho ya komiki Nairobi. Yote yamenirudia. Tuliowahi kuipita njia hii tupeane uzoefu, maana wanaoanza huambiwa habari za meza na bei tu, ya barabarani hawaambiwi.

Naanza na la Namanga. Unashukia upande wa Kenya, humo humo ndani ya jengo moja unagongewa kutoka Tanzania na kuingia Kenya. Hapo hakuna tabu. Safari yangu tabu ilikuwa mifuko ya plastiki. Kenya walishaipiga marufuku tangu Agosti 2017, kwetu ilikuwa bado (sisi tulikuja kupiga Juni 2019). Jirani yangu kwenye gari alikuwa muuza hereni za shanga, kila jozi kaifunga kwenye kimfuko chake. Walimmwagia zote mezani, wakabaki na mifuko. Dereva anapiga honi, dada wa watu anakusanya huku analia. Tulipoondoka tukazitandaza kwenye khanga mapajani, siti nzima ya nyuma tunatafutia kila hereni mwenzake. Tunaingia Kajiado bado tunatafuta. Fungeni kwa khanga au magazeti, nawaomba.

Kikoi na Uzi
Kweli tupu. Magazeti ya zamani usiyatupe kabisa.

Mama Shanga, Moshi
Niongezee la ushuru. Bidhaa ikiwa imetengenezwa Afrika Mashariki, imo kwenye orodha ya bidhaa ya Jumuiya na thamani haizidi dola 2,000, omba pale pale mpakani cheti rahisi cha uasili. Ushuru wa forodha hulipi. Andika orodha ya vitu vyako na bei kabla hujatoka nyumbani, usianze kuhesabu mbele ya afisa.

Dogo Ngao
Mama, mimi huwa navaa mzigo wote. Shanga shingoni, vikuku mpaka kwenye kiwiko, kofia tatu kichwani 😂 Nani atanitoza?

Mama Shanga, Moshi
Usiwafundishe wenzako hivyo mwanangu. Siku ukikamatwa unapoteza mzigo na maonyesho.

Bi Sindano
Mtaniwia radhi, nitaandika kirefu. Hilo la hereni limenigusa.

Mimi natoka Malindi. Mwaka ule nilikuwa nimefuma boksi zima la vidoli vya mashujaa wa pwani. Alikuwemo Liongo Fumo mzima mzima: kikoi kiunoni, upinde mkononi, na kitovuni nimemtia kisindano cha waya wa shaba, maana ndicho kilichomuua. Na Mekatilili wa Menza, shujaa wa Wagiriama, sketi yake ya hando nimeikunja rinda kwa rinda kwa vidole hivi. Nilitaka mashujaa wetu nao wasimame meza moja na hao wa Marekani na Japani. Ilikuwa kazi ya miezi.

Kondakta akakataa nisiingie na boksi ndani, akalitia kwenye buti. Nikamwambia lisiwekewe kitu juu, akaitikia. Mombasa wakapakia makasha ya samaki. Mtito Andei watu wameshuka kula, mimi nikaenda kuangalia mzigo wangu. Barafu ilikuwa imeyeyuka. Nilipolishika boksi, upande mmoja ukanibakia mkononi, na Liongo akaporomoka chini, maji ya samaki yanamchuruzika. Nilikaa pale pale kwenye lami. Kondakta akaniambia, "Si ni vidoli tu mama, utafua." Neno lile mpaka leo linanichoma.

Kulikuwa na mama abiria, Mkamba, simjui hata jina. Akaniinua, akaenda dukani akarudi na sabuni ya kipande na ndimu. Tukafua kwenye bomba nyuma ya hoteli. Uzi haukuwa shida, shida ilikuwa pamba ya ndani: ikishashika maji yale haiachi harufu. Ikabidi niwafumue wote mgongoni niitoe. Tulipopanda, yule mama akasimama katikati ya basi akawagawia abiria, kila aliyekaa dirishani ashike mmoja amtoe kidogo nje apate upepo. Hakukataa mtu! Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud, basi zima mikono iko dirishani. Mzee mmoja alikuwa na Mekatilili, anamgeuza mgongo, anamgeuza tumbo, hakusinzia mpaka Mlolongo.

Nairobi ilikuwa Julai, baridi, jua hakuna. Saluni moja ya River Road wakanikubalia draya. Nikajaza sufi mpya usiku kucha na asubuhi nilikuwa mezani. Liongo alinunuliwa na kijana aliyevaa deraya ya makaratasi ya fedha. Aliuliza ile sindano ni ya nini, nikamsimulia yote, mpaka mtoto alivyomsaliti babake, na watu wakasimama kusikiliza.

Kikoi na Uzi
Bi Sindano, nimesoma mara mbili. Mungu ambariki yule mama.

Mswahili wa Kipini
Liongo si wa Malindi. Kaburi lake liko kwetu.

Dogo Ngao
Nani kasema wa Malindi? Bi Sindano ndiye wa Malindi. Soma vizuri kaka.

Mswahili wa Kipini
Nimesoma. Nasema tu ijulikane.

Treni Tu
Mzigo wa thamani hauwekwi kwenye buti. Mimi tangu SGR, treni ya Mombasa hadi Nairobi, ianze 2017 sipandi basi. Kumbukeni tu vyenye ncha kali havipiti ukaguzi, mikasi na visu vya kazi mnunue Nairobi.

Kikoi na Uzi
Na sisi tusio na treni mlangoni? Wa Arusha apande nini, twiga?

Treni Tu
Basi lipia siti mbili, ya pili kalisha boksi.

Mfumaji wa Ngaramtoni
Siti mbili ni faida ya siku nzima hiyo mkuu. Gawa mzigo kwenye mabegi madogo, shika mapajani lile unalolipenda zaidi.

Dogo Ngao
Swali la kizushi: kwa nini tusiuze wahusika wa anime, zile katuni za Kijapani? Ndio wanaotoka haraka.

Mama Shanga, Moshi
Wana wenyewe, na ni haki miliki ya watu. Halafu meza kumi zitakuwa na kitu hicho hicho. Alichofanya Bi Sindano hakuna mwingine anacho.

Dogo Ngao
Lakini nauli inalipwa na kinachotoka haraka, Mama.

Bi Sindano
Jambo moja kwa wa Tanzania. Mteja wa Nairobi hatembei na noti, atakuuliza till (lipa namba ya huku) au namba ya M-Pesa. Sajili laini ya Kenya kwa pasipoti mkishuka tu, na bei ziandikeni kwa shilingi za Kenya. Nimewaona wenzetu wakipoteza wateja kwa hilo.

Mfumaji wa Ngaramtoni
Hili nampigia yule binti sasa hivi.

Fundi Makuti, Tanga
Nani anatoka huku? Napitia Horohoro kisha Mombasa, natafuta wa kuchangia gari.

Dogo Ngao
Nipo Muheza mkuu, nicheki. Mzigo wangu ni ngao za sponji, nyepesi, na samaki sibebi.