Mjadala: Je, umma ununue bodi ambazo draiva ya NPU haimo kwenye kerneli kuu?

Mwalimu, Mbale: Ndugu zangu, msimamo wangu ni huu: wilaya, shule au chuo cha umma kisinunue bodi (kompyuta ndogo ya kipande kimoja) yenye NPU, ile sehemu ya chipu inayobeba hesabu za akili bandia, kama draiva yake, yaani programu inayoiendesha, haimo kwenye kerneli kuu, kile kiini cha Linux kinachotolewa na mradi wa Linux wenyewe. Nimeshika bodi iliyokuwa ikitambua ugonjwa wa batobato ya muhogo kwa picha ya jani. Kwa kerneli ya mtengenezaji ilijibu papo hapo. Nilipoweka kerneli mpya ili kuziba mianya ya usalama, bodi iliwaka vizuri, mtandao ukashika, lakini ndani ya /dev, mahali Linux inapoorodhesha vifaa, hapakuwa na NPU. Kazi yote ikaiangukia CPU, kichakataji cha kawaida kilicho polepole kwa hesabu hizo. Yaani ukitaka usalama unapoteza kasi, ukitaka kasi unabaki na mianya. Huo si uchaguzi wa kumpa mkulima.

Muuza vifaa, Kampala: Mwalimu, heshima yako, lakini kwa sharti hilo tutabaki na nini cha kununua? Bodi za RK3588, chipu ya Rockchip yenye NPU, zilianza kuuzwa 2022. Draiva ya wazi ya NPU yake, Rocket, imeingia kerneli kuu kwenye toleo 6.18, mwishoni mwa 2025. Muhogo haungoji miaka mitatu. Tena imeanza na modeli za picha kama MobileNet. Programu ya mtengenezaji inaendesha nyingi zaidi.

Mwanafunzi, Gulu: Kaka, jiulize kwa nini ilichelewa. Msimbo wa draiva ya kerneli mtengenezaji aliuweka wazi, ila maktaba inayoandaa kazi za NPU aliifunga. Wasimamizi wa kerneli hawapokei draiva ya namna hii bila programu ya wazi upande wa mtumiaji. Ikabidi mtayarishaji programu Tomeu Vizoso aandike Rocket pamoja na sehemu yake ya upande wa mtumiaji ndani ya Mesa, mkusanyiko wa maktaba za wazi. Mnunuzi asipodai, mtengenezaji ana haraka gani ya kufungua?

Afisa manunuzi, Mbarara: Mimi kerneli siijui, kazi yangu ni zabuni. Nipeni sharti ninaloweza kulipima mbele ya kamati.

Mwalimu, Mbale: Asante sana, dada. Muuzaji aje na bodi, aweke kerneli kuu kutoka tovuti yake rasmi, kernel.org, bila kuichokonoa, kisha aendeshe modeli ileile mtakayoitumia. /dev/accel/accel0, faili linaloonyesha kuwa kerneli imeitambua NPU, ionekane, na majibu yatoke kwa kasi aliyoahidi. Kerneli 5.10, ambayo bodi nyingi za RK3588 zilikuja nayo, mwisho wa kuhudumiwa kwake ni Desemba 2026. Muulize baada ya hapo nani ataiziba.

Muuza vifaa, Kampala: Kipimo hicho nakikubali kwa manunuzi makubwa. Kwa bodi tano za majaribio bado napinga. Mtawafungia vijana mlango.

Mwalimu, Mbale: Tano za majaribio sina ubishi nazo, mradi zisiunganishwe na mtandao wa wilaya.