Vyura wamevamia ua na hodhi ya maji: niwaue au niwaache?

Mama wa Wete
Assalaam aleikum ndugu zangu. Ninaishi karibu na Wete, Pemba, na tangu masika yaanze ua wetu umejaa vyura, wale wakubwa wa rangi ya udongo wenye vinundu mgongoni, ambao usiku hukoroma kwa pamoja mpaka watoto hawalali. Kilichonitia wasiwasi zaidi ni hodhi ya maji ya mvua iliyo nyuma ya jiko, ambayo mfuniko wake ulivunjika. Juzi asubuhi nilikuta ndani yake nyuzi ndefu za ute zenye vitone vyeusi, kama shanga zilizotungwa. Siku hiyohiyo paka wetu alimng'ata chura mmoja, akatokwa na povu jingi mdomoni, ingawa sasa hajambo. Jirani ananishauri niwamwagie chumvi, na mama mkwe anasema mkojo wao utawaotesha watoto chunjua. Nifanye nini, na je, maji yale tunaweza kuyanywa?

Mwalimu wa Baiolojia, Chake Chake
Wa aleikum salaam, dada yangu. Nyuzi ulizoziona ni mayai, na jike mmoja hutaga maelfu kwa usiku mmoja huku dume akiwa amemkumbatia mgongoni na kuyarutubisha yanapotoka. Wanaokoroma ni madume wanaowaita majike, na kelele hizo hupungua msimu wa kutaga ukipita. Hawakuhamia kwako ghafla, kwani wakati wa kiangazi walikuwa hapohapo, wamejificha chini ya mawe, makumbi na magogo, wakisubiri maji yaliyotuama. Baada ya siku chache yataanguliwa viluwiluwi weusi wanaopumua kwa matamvua, na wiki kadhaa baadaye wataota miguu na kutoka majini.

Maji yale msiyanywe, kwa sababu hata mayai ya vyura wa aina hii yana sumu. Kuhusu udhu, muulizeni shekhe wa mtaa wenu.

Sumu ya chura mkubwa hukaa zaidi katika tezi mbili zilizovimba nyuma ya macho yake. Hairushi, utomvu mweupe kama maziwa hutoka anapobanwa au kung'atwa, nao huweza kuathiri mapigo ya moyo, ndiyo maana paka wako alitokwa na povu. Likitokea tena, mfute ufizi na ulimi kwa kitambaa kilicholowa, na umpeleke kwa daktari wa mifugo ikiwa anatetemeka au kuyumba.

Mkazi wa Mkoani
Mimi huwapiga fimbo, basi. Sioni haja ya kumfanyia chura mkutano.

Mkulima wa Mpunga
Kaka, imepokewa hadithi ya Mtume inayokataza kuua chura, pale tabibu alipomuuliza kuhusu kumtumia katika dawa, kwa hiyo fimbo iweke chini. Halafu keti barazani usiku ule kumbikumbi wanaporuka, umtazame chura aliye chini ya taa anavyowadaka mmoja baada ya mwingine kwa ulimi ulioshikamana kwa mbele ya kinywa. Chura hula pia mchwa na mende. Chumvi nayo, dada, ni ukatili, kwani chura hanywi kwa mdomo bali hufyonza maji kwa ngozi ya tumbo, na chumvi humkausha akiwa hai, kisha inabaki kuharibu udongo wa bustani yako. Niliwahi kuwabeba kwa ndoo mpaka ng'ambo ya bonde, na baada ya siku chache nikawaona wamerejea, au pengine walikuwa wenzao, siwezi kuapa.

Muuguzi Mstaafu
Chunjua huletwa na virusi vinavyoambukizwa kati ya watu, si na mkojo wa chura, kwa hiyo kwa heshima zote mama mkwe amekosea. Hata hivyo, mtoto aliyemshika chura anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho au chakula, maana utomvu ule ukiingia jichoni huwasha vibaya.

Mama wa Wete
Ahsanteni sana. Na mayai yaliyokwisha kutagwa niyafanyeje? Moyo hauniruhusu kuyamwaga juani.

Mwalimu wa Baiolojia, Chake Chake
Yachote kwa ndoo pamoja na maji yake, ukayamimine taratibu katika dimbwi la karibu lisilotumiwa kwa kunywa. Kisha toa maji yote, sugua kuta za hodhi, na ufunike kwa mfuniko au wavu wa waya wenye matundu madogo, ambao utawazuia mbu pia. Vifuu vya nazi vilivyozagaa uani viondoe kwa ajili ya mbu haohao. Kule Unguja, ajabu, yuko chura mdogo wa misituni anayetaga ndani ya vifuu na makombe ya konokono yaliyojaa mvua, lakini huyo si mgeni wako.

Mama wa Wete
Mume wangu amebeba ndoo 6 leo jioni, na fundi anakuja kesho kwa ajili ya mfuniko. Mama mkwe amekubali kuhusu chumvi, ila kuhusu chunjua amesema atamsubiri muuguzi aje mwenyewe.