Miche ya parachichi ya "Hass" isiyothibitishwa: tangu lini kukosa cheti kukawa kinga ya muuzaji?

Wakuu, heshima zenu.

Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha, ila nitajitahidi kuiandika kwa utulivu ili anayetaka kunipinga anipinge kwa hoja. Hasara nimeipata, lakini kilichonikera kuliko hasara yenyewe ni jibu nililopewa na mwenye kitalu mbele ya afisa ugani wa kata. Alisema hivi: "Mzee wangu, mimi sikukwambia kwamba miche yangu imethibitishwa. Ungetaka iliyothibitishwa ungekwenda kwa wenye vyeti." Aliyasema hayo bila kupepesa macho, kana kwamba bidhaa inavyozidi kukosa nyaraka ndivyo anayeiuza anavyozidi kuwa huru.

Miche yenyewe niliinunua kwenye kitalu cha kando ya barabara, upande wa Makambako, nikiambiwa kuwa ni parachichi aina ya Hass ya kubebesha, yaani iliyounganishwa juu ya shina la mche mwingine. Kwa nafasi ya mita 6 kwa 6, ekari moja huchukua miche 112 hivi, na kwa shilingi 5,000 kila mmoja unalipa 560,000 kabla hujachimba shimo, hujanunua samadi wala hujalipa kibarua. Mwaka wa nne ulipofika, baadhi ya miti ilikuwa haijatoa hata ua. Mingine ilizaa matunda marefu yenye shingo, ganda laini na jembamba, ambayo hubaki kijani hata yakiiva. Kila mkulima wa Njombe anajua kwamba Hass ina ganda gumu lenye vipele na hugeuka zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi inapoiva. Wakala wa mnunuzi alitazama tenga moja tu, akarudisha mzani kwenye gari.

Sasa tutazame ulaghai huu unavyofanyika, maana wengi wanadhani ni suala la bahati mbaya. Mche uliobebeshwa kwa haki una kovu la muungano juu ya shina, mahali ambapo kikonyo (kijitawi) cha Hass kilichongwa kama kabari na kuingizwa kwenye mpasuko wa shina la kienyeji, kisha kikafungwa nailoni mpaka vikashikana. Ukiutazama kwa karibu utaona rangi mbili za gome na uvimbe mdogo pale zinapokutana. Nilipofungua nailoni kwenye mche mmoja uliokuwa bado kitaluni, nikakuta gome lile lile, laini, kutoka chini hadi juu. Hakukuwa na muungano wowote. Hiyo ndiyo aina ya kwanza ya ulaghai: mtu alichukua mche uliotokana na kokwa, akaukata kichwa ili uchipue upya na kufanana na uliobebeshwa, akaufunga nailoni akaupandishia bei. Aina ya pili ni ile ambayo kikonyo kilibebeshwa kweli, kikafa, na chipukizi la shina la chini likakua mahali pake. Mwenye kitalu anaona wazi kwamba chipukizi limetokea chini ya kovu, lakini anauza. Aina ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote kwa mnunuzi, kwa sababu muungano upo na umeshika vizuri kabisa, isipokuwa kikonyo kilikatwa kwenye mti ambao hakuna anayejua ni wa aina gani.

Mbele ya aina hiyo ya tatu macho hayana msaada. Mche wa Hass wenye urefu wa sentimita 40 na mche wa parachichi nyingine wenye urefu huo huo hufanana kiasi kwamba hata mtaalamu huuliza vikonyo vilitoka wapi kabla ya kusema lolote. Kwa hiyo anayenunua mche ananunua maneno ya muuzaji. Ananunua ahadi itakayojulikana ukweli wake baada ya miaka mitatu au minne, na kama mche haukubebeshwa kabisa, baada ya miaka saba, kumi au zaidi. Hakuna bidhaa sokoni inayohitaji maandishi kuliko hii, na hakuna inayouzwa kwa maneno matupu kuliko hii. Pakiti ya mahindi ya kilo mbili, ambayo mkulima atajua ubora wake ndani ya msimu mmoja, ina lebo ya kukwangua ya Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu Tanzania, TOSCI, na anaweza kuihakiki kwa simu papo hapo dukani. Mparachichi utakaosimama shambani mpaka wajukuu waukute unauzwa kwenye kiriba cheusi kisicho na hata alama ya kalamu.

Wapo watakaosema kwamba sheria za mbegu zinahusu punje. Hapana. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 haikuishia kwenye mahindi na maharage. Inapozungumzia mbegu inajumuisha sehemu ya mmea inayotumika kuuzalisha, na miche na vikonyo vimo humo. Sheria hiyo inamtaka anayezalisha na kuuza mbegu awe amesajiliwa. Upo pia upande wa afya ya mimea, ambako Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Sheria zipo kwenye makaratasi. Nikitazama vitalu vilivyopangana kando ya barabara msimu wa mvua unapokaribia, sioni kibao chenye namba ya usajili. Naona vibao vyenye namba za simu.

Hata tukiziweka kando sheria za mbegu, tujadili mche kama bidhaa ya kawaida, mfano wa gunia la saruji. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka sharti kwamba bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo, hata kama sharti hilo halikuandikwa popote. Ukiniambia ni Hass nami nikalipa kwa sababu umesema ni Hass, umeshajifunga. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayomuuzia. Hakuna hata moja kati ya sheria hizi mbili inayosema kwamba wajibu huo unaanza pale tu bidhaa inapokuwa na cheti. Cheti ni ulinzi wa ziada kwa mnunuzi, na ukweli wa jina la bidhaa ulikuwa deni la muuzaji kabla cheti hakijabuniwa.

Tatizo ni ushahidi na muda. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa madai yanayotokana na mkataba, na kwa kawaida saa huanza kuhesabu siku mkataba ulipovunjwa, yaani siku uliyokabidhiwa miche isiyo sahihi, wala si siku ulipoona tunda la kwanza. Aliyeuziwa mche wenye kikonyo kisicho sahihi atagundua mwaka wa nne na atabakiwa na miaka miwili ya kuhangaika. Aliyeuziwa mche wa kokwa uliofungwa nailoni anaweza kusubiri tunda mpaka haki yake ya kudai iishe, na tunda bado halijaonekana. Kwa maneno mengine, tapeli mkubwa zaidi ndiye anayelindwa zaidi na kalenda. Na hata ukiwahi mahakamani, utaonyesha nini? Risiti niliyoandikiwa mimi inasema "miche" na jumla ya fedha. Haisemi Hass, haisemi kubebesha, haina jina la kitalu. Nilipomwonyesha ofisa mmoja katika ofisi ambayo sitaitaja, aliigeuza upande wa pili kuona kama kuna maandishi zaidi, kisha akanirudishia.

Kuna wanaopenda kutuambia kwamba kudai viwango kwa miche isiyothibitishwa ni kutaka makuu ya Ulaya. Basi tuiangalie hiyo Ulaya, maana ndiko tunakotaka kuuza parachichi zetu. Umoja wa Ulaya, katika Agizo lake namba 2008/90/EC kuhusu miche ya matunda, umeweka njia mbili. Ya kwanza ni ya miche iliyothibitishwa, yenye ngazi zake kuanzia mti mama hadi mche wa mkulima. Ya pili ni daraja linaloitwa CAC, kifupi cha maneno ya Kilatini Conformitas Agraria Communitatis, na ndilo daraja la miche isiyothibitishwa inayoruhusiwa kuuzwa. Ruhusa hiyo ina masharti: mche uwe wa aina ile ile inayotajwa, utokane na chanzo kinachojulikana, usiwe na dalili za wadudu na magonjwa yaliyoorodheshwa, usiwe na kasoro zinazopunguza thamani yake kwa upandaji, na uambatane na hati ambayo muuzaji mwenyewe ameiandika na anawajibika nayo. Kwa hiyo huko kuuza bila uthibitisho kuna kiwango chake kisheria. Huku kwetu mtu anaposema "haijathibitishwa" anamaanisha "usiniulize".

Nimezungumzia aina ya tunda kwa sababu ndilo lililoniuma, lakini ugonjwa ni jambo zito zaidi, kwa kuwa hilo linavuka mpaka wa shamba langu na kuingia kwa jirani ambaye hakununua chochote. Phytophthora cinnamomi, kimelea kinachoozesha mizizi ya mparachichi, husafiri kwa udongo na maji. Kitalu kinachochota udongo wa viriba chini ya miparachichi inayokauka, kikapanga viriba hivyo ardhini badala ya kuviinua juu ya vichanja, kikamwagilia maji ya mfereji unaopita kwenye mashamba ya watu, kinasambaza ugonjwa kwa pikipiki na Fuso mpaka vijiji ambavyo havikuwa nao, na ukishaingia kwenye udongo haung'oki kirahisi. Kuna pia ugonjwa wa sunblotch, unaosababishwa na viroidi (kimelea kidogo kuliko virusi) inayopita kwenye vikonyo, kwenye kisu cha kubebeshea na hata kwenye kokwa. Mti unaweza kuwa nayo bila kuonyesha dalili yoyote, na kokwa zake karibu zote zikaibeba, tiba haina. Sasa wakumbukeni wale wanaookota kokwa kwa wauza juisi na mahotelini ili wapate mashina ya kubebeshea. Watu wa Muheza na michungwa yao wanajua kwamba ugonjwa wa greening huenezwa na wadudu wadogo wanaofyonza majani, lakini pia huingia shambani ndani ya mche uliobebeshwa kikonyo cha mti mgonjwa, na hapo hata ukipulizia dawa kila wiki unapulizia mti uliokwisha kufa.

Najua hoja inayokuja: vijana wamejiajiri kwenye vitalu, mkiwabana mtawaua. Hoja hii naiheshimu nusu. Wapo vijana wanaobebesha vizuri kuliko vitalu vikubwa vyenye uzio na walinzi, na hao ndio wanaoumizwa zaidi na soko hili, kwa sababu mche wao wa haki unasimama kando ya mche wa nailoni kwa bei ile ile, na mnunuzi hana namna ya kuwatofautisha. Sijadai kila kitalu kiwe na maabara. Ninachodai muuzaji yeyote anaweza kukiandika kwenye daftari la shilingi 1,000: aina ya tunda, mti mama vikonyo vilipokatwa na mwenye mti huo, kokwa za shina zilitoka wapi, tarehe ya kubebesha, na jina la aliyebebesha. Mambo hayo hayo yaandikwe kwenye risiti anayopewa mnunuzi. Anayeshindwa kuyaandika hajui anachouza, au anakijua vizuri sana.

Na hili liwahusu pia wanaogawa miche ya bure kwa mbwembwe, maana kwenye sherehe za kugawa utasikia idadi ya miche iliyogawiwa, lakini sijawahi kusikia ikitangazwa idadi ya iliyozaa tunda lililotajwa. Mche wa bure wenye ugonjwa si wa bure. Mkulima anaulipia kwa ardhi yake na kwa miaka yake, na hapo hana hata wa kumdai.

Upande wa serikali, usajili wa vitalu utangazwe kata kwa kata, orodha ibandikwe ofisi ya mtendaji wa kijiji, na afisa ugani apewe mamlaka ya kuzuia miche isiyo na maelezo isiuzwe kabla ya mvua, wakati bado iko kwenye viriba. Kwa miche ya miti ya matunda, muda wa kudai uanze kuhesabiwa pale mti unapotarajiwa kuzaa. Kama kuna mwanasheria humu anayeona hilo halihitaji kubadilisha sheria bali tafsiri tu, namwomba alieleze hapa kwa lugha ya wakulima.

Wenye risiti zilizotaja aina ya mche, na hasa waliowahi kumdai mwenye kitalu wakalipwa au wakashindwa, tafadhali wekeni hapa kesi zenu. Ficheni majina na namba za simu, lakini mtaje wilaya, mwaka wa kununua na muuzaji alivyojitetea. Mimi yangu nimeshaianika, na miti iliyobaki naikata mwezi ujao.